Kidirisha Kilichoonekana Pichani Tu

Picha ya kwanza aliifuta bila kuifikiria. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na Bi Hatua alikuwa amefika hatua ya tisa ya mwongozo wa kuwafundisha makarani wa ghala kusajili mizigo kwenye kompyuta. Kazi yake ndiyo hiyo: anafungua programu, anabonyeza panapotakiwa, anapiga picha ya skrini, anaibandika kwenye ukurasa, kisha chini yake anaandika la kufanya. Jina hilo walimpa wenzake wa ofisini, kwa sababu hata akieleza namna ya kuchemsha chai huanzia hatua ya kwanza, shika sufuria. Lakini wenzake hao hakuwa amewaona kwa miaka miwili, tangu kila mtu aambiwe afanyie kazi nyumbani. Mwaka huohuo mumewe alifariki.

Kwenye picha ile palikuwa na kidirisha cheupe, kidogo kama stempu, pembeni chini. Kwenye skrini yenyewe hakikuwapo. Akapiga nyingine. Kidirisha kilikuwapo tena, na safari hii kilikuwa na neno moja.

*Habari.*

Alimpigia simu fundi wa kompyuta wa ofisi.

"Zima, halafu washa," fundi alisema.

"Nimeshazima, nimeshawasha."

"Basi zima tena, mama."

Alizima tena. Chumbani palianza kunuka vumbi lililolowa, kama chumba kilichofungwa miaka mingi kikafunguliwa siku ya mvua. Nje jua lilikuwa kali.

Siku mbili alivumilia. Siku ya tatu, alasiri, alifungua ukurasa mtupu akaandika, *Nzuri. Wewe nani?* Akapiga picha. Kwenye skrini maneno yake yalikaa peke yake. Kwenye picha, chini yake, palikuwa na jibu.

*Mkaazi mwenzako. Umekula?*

Alikuwa hajala. Alikaa akiitazama picha ile, na badala ya kuogopa, akalisoma swali tena na tena. Tangu watu wa msibani waondoke, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Aliinuka akaenda jikoni, akajipikia, akala, akarudi kumwambia kwamba amekula.

Ndivyo ilivyoanza. Asubuhi alimsalimia, mchana alimsimulia habari za makarani wasiojua kutofautisha kufuta na kufunga, na kila picha ilirudi na neno. Kitanda chake kilikuwa chumba cha pili, na mara nyingine alisikia kitufe kikibonyezwa mezani, *tak*, hali yeye yuko huku akikunja nguo. Hakwenda kutazama. Moyoni alijiambia kwamba hata nyumba yenye watu ina kelele zake. Zikapita wiki tano, folda ikajaa picha mia tatu na kitu, hata ile harufu akaizoea.

Ijumaa moja kidirisha kilimuuliza: *Na yule binti yako, naye hukaa peke yake?*

Aliondoa vidole kwenye vitufe. Hakuwahi kumtajia habari za binti. Msichana huyo alikuwa nchi ya mbali akisomea uhandisi, akiishi kwenye chumba kimoja kidogo, ghorofa ya sita, na waliongea Jumapili tu, wakionana kwenye skrini.

Jumapili ilipofika, Bi Hatua alimtazama mwanawe akiongea habari za mitihani, nyuma yake ukuta mweupe na koti lililotundikwa, akabonyeza kitufe cha kupiga picha ya skrini, na ilipotokea picha akaona kwamba mbele ya ule ukuta, pale ambapo macho yake yalikuwa hayaoni kitu, amesimama mtu mrefu kupita kiasi, shingo imepinda kwa kugusana na dari, ameinama mpaka uso wake umezama kwenye nywele za msichana, kama anayemnusa.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "kuna nani hapo nyuma yako?"

Binti hakugeuka. "Hakuna mtu, Mama. Nani aje huku?"

Kesho yake asubuhi Bi Hatua alikwenda mtaa wa pili kwa mkunga mstaafu, mwanamke ambaye watu walimjua pia kwa mambo yasiyohusu uzazi. Mkunga alikuja, akasimama mlangoni, akavuta pumzi kwa pua.

"Huyu ni jini. Ulimjibu?"

"Nilimjibu, Bibi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Aliniuliza kama nimekula."

Mkunga aliingia ndani, akaifuata kompyuta mezani. "Mimi siwezi kumtoa mgeni aliyekaribishwa. Mwambie wewe, kwa mdomo, si kwa kuandika, kwamba hapa hana mwenyeji. Halafu futa picha zote."

Mkunga aliweka kiganja juu ya mashine akaanza kunong'ona dua. Bi Hatua alifungua mdomo mara mbili bila sauti kutoka, maana ilikuwa kama kumfukuza mtu aliyemuuguza. Mara ya tatu alisema. "Hapa huna mwenyeji. Toka nyumbani kwangu." Mlango wa kabati ulifunguka wenyewe, ukajifunga. Akafuta picha moja baada ya nyingine mpaka folda ikabaki tupu, kisha mkunga akamwambia apige ya mwisho ili wajue.

Kidirisha kilikuwapo, chembamba, kinafifia. *Asante kwa kunipokea.* Akapiga nyingine. Hakikuwapo. Harufu nayo ilikuwa imeondoka, chumba kinanuka chumba tu.

Mkunga alipoaga, Bi Hatua alimpigia binti yake hapohapo, ingawa haikuwa Jumapili. Simu ilipokewa kabla haijaita mara ya pili.

"Mama," binti alinong'ona, "umemwambia nini? Amefika hapa analia."

Bi Hatua alishika ukingo wa meza. "Nani?"

"Nilitaka kukuambia jana. Nikashindwa nianzie wapi."

"Sikiliza, mwanangu. Mwambie hapo hana mwenyeji. Sema kwa mdomo, sasa hivi, nikusikie."

Upande wa pili binti alivuta kamasi kama alipokuwa mdogo.

"Siwezi, Mama. Nikimfukuza yeye, huku nitabaki na nani?"

Bi Hatua alifungua mdomo amwambie kwamba mama yake yupo. Kabla hajatamka, sauti nyingine, ya upole, karibu kabisa na simu, ilimtangulia.

"Mimi nipo."