Sahani ya Raphaël

Mambo haya hayakunipata mimi. Yalimpata dada yangu Anastasie, na mimi niliishi naye uwanja mmoja kule karibu na Lusangi, kwa hiyo mtu asinibishie.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka wa 1948. Watoto wake wawili, Raphaël wa miaka kumi na sita na Régina wa kumi na nne, walikuwa masomoni kwenye misioni ya Kasongo, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Nyumba ilikuwa imepoa. Dada alikuwa bado anasonga bukari, ugali wetu wa muhogo, kwa watu wanne, kisha ananiita nije nimsaidie kuimaliza. Asubuhi tulitwanga muhogo, tukawasema majirani, tukacheka.

Shida ilikuwa pamba. Serikali ya Wabelgiji ilimlazimisha kila mwanaume kulima shamba lake la pamba, na monitere, mkaguzi wa mashamba, akikuta magugu, ni fimbo mbele ya watu. Watoto walipokuwepo, kazi ilikwenda. Walipoondoka, shemeji yangu Zéphirin alishindwa na magugu yake, akalazwa chini akachapwa, wakwe wakiangalia. Nilimhurumia. Leo najuta hata hiyo huruma.

Kisha shamba likaanza kuwa safi. Zéphirin alishinda nyumbani akisuka vikapu, na shamba iko safi. Tulidhani anaamka mapema.

Ndipo barua ya Régina ikafika, katekista Hippolyte akatusomea. Aliandika kwamba kila saa sita ya mchana, wakijilaza kidogo, anaota analima pamba ya papa, yaani baba yake, pamoja na kaka yake. Wakiamka, mikono imetoka malengelenge. Raphaël amekonda, analala kwa wagonjwa. Chini kabisa aliuliza mbona hawapewi chakula. Hippolyte aliikunja barua, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake saa sita dada alinishika mkono tukaenda shambani. Jua la utosini. Hakuna mtu. Lakini tulisikia majembe. Mawili, moja zito, moja jepesi. Udongo ulipinduka peke yake. Magugu yakaanguka. Kwenye kijiti katikati ya shamba lilikuwa limefungwa shati la zamani la Raphaël, pamoja na kitambaa cha Régina. Mtu akakohoa, karibu na goti langu. Nilikijua kile kikohozi.

Dada hakupiga kelele. Alirudi akasimama mbele ya mume wake, akamuuliza, naye hakukana. Alikuwa amevuka mto Luama kwenda kwa mzee mmoja wa dawa, akafundishwa kuwaita watoto kwa nguo zao.

"Ni watoto yangu mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Sikuita mutoto ya mutu."

"Uliwapa chakula?"

Akavuta kikapu chake, akaendelea kusuka. Kwetu, ukiita watu kulima shamba lako, wewe uliyewaita ndiwe unawapelekea chakula kwa mkono wako, unawashukuru, unawaambia waende kwao. Bila hiyo hawajaachiliwa. Hata mlevi anajua. Yeye akajiambia kwamba mtoto hapewi chakula cha kazi na baba yake. Mpumbavu yule!

Dada alipika bukari na samaki mkavu, akapakua sahani mbili, akamwambia aende peke yake awaachilie wote wawili. Zéphirin akaenda. Akarudi na sahani mbili tupu. Dada alilia kwa furaha, akampikia na yeye. Ndiyo, alimpikia.

Jumamosi monitere alipita, akalisifu shamba. Jumanne Hippolyte akarudi kutoka misioni akimleta Régina, mzima kabisa. Peke yake. Raphaël alikuwa amekufa ile Jumamosi, saa sita, wakamzika kulekule misioni.

Régina alikataa kuingia ndani. Alisimama mbele ya baba yake, akasema polepole:

"Mimi ulinipa, ukaniambia niende. Raphaël alinyoosha mukono. Wewe ukakaa chini, ukakula sahani yake."

Zéphirin alijitetea kwamba kilibaki kipande kidogo tu cha shamba, na monitere alikuwa njiani. Kipande kidogo! Miaka yote hii, nikilikumbuka neno hilo, damu inanichemka. Kipande kile mimi ningekilima kwa siku mbili, kama angefungua mdomo akaniomba.

Kesho yake tulikuta mstari wa udongo mpya uliolimwa, umetoka shambani mpaka njiani. Siku iliyofuata ukavuka njia. Kila saa sita ulisogea kuelekea nyumbani. Zéphirin alifungua lile shati kijitini. Akabeba chakula, akapiga magoti, akashukuru, akamwambia mwanawe aende. Hata nzi hawakutua kwenye sahani ile. Mstari ukasogea. Akajifungia ndani.

Siku ulipofika mlangoni, wanaume walitaka kumtoa Zéphirin. Dada akawazuia. Aliusukuma mlango yeye mwenyewe mpaka ukafunguka, akakaa kando kwenye kigoda.

"Pita, baba," alimnong'oneza mwanawe.

Tulisikia jembe. Moja, zito. Halikukawia.

Tulipoingia, Zéphirin hakuwepo, na nyumba ile haikuwa na mlango wa pili. Sakafu yote ilikuwa imelimwa, laini, mpaka chini ya kitanda. Nyayo za mtu mmoja ziliingia. Za wawili zilitoka, zikaelekea shambani. Na sisi sote tulikuwa pale mlangoni, mchana kweupe, hatukumwona mtu kupita.