Mama Aliyefanywa Upya

Asubuhi hiyo Mama hakukohoa.

Muhonja alisimama jikoni na sufuria ya chai mkononi, akangoja. Tangu wahamie nyumba hii ya mtaa wa Ziwani, kikohozi cha mama yake kilitangulia jua kila siku: kikavu, kirefu, cha kifua kilichochakazwa na moshi. Leo, kimya. Muhonja akaitua sufuria, akakimbilia chumbani.

Alimkuta Rispa, mama yake, ameketi kitandani, amejivalisha mwenyewe, kitambaa amekifunga vizuri kichwani.

"Umeamkaje, binti yangu?"

Mama hakuwahi kumwita binti yangu. Siku zote alikuwa Muhonja tu. Lakini shuka, ambazo kila asubuhi zilikuwa zimelowa, leo zilikuwa kavu, na kwa kuwa shuka zilikuwa kavu, Muhonja hakuuliza lolote.

Alijua alichokifanya jana yake. Alijua, akanywa chai.

Sebule yao ndiyo iliyokuwa ofisi yake. Palikuwa na kompyuta kuukuu, printa, simu ya waya, na modemu ukutani ya kuiunganisha kompyuta na simu hiyo. Aliwachapia watu programu za mazishi, akawatumia barua pepe watoto wao walioko ng'ambo. Mwaka ule wa tisini na tisa, Phares, fundi aliyemuuzia mashine, alikuwa amemtisha.

"Siz, mwaka wa elfu mbili ndiyo hiyo inakuja. Hii kitu usipoipatia apdeti, Mwaka Mpya itaamka ikidhani ni enzi za mkoloni. Itazima, na kazi yako yote ndani."

"Sasa nifanye nini?"

"Nimekuwekea kitu. Itakuwa inapiga simu yenyewe kutafuta mambo mapya. Ikikuuliza, wewe bonyeza tu Ndiyo."

Na ikawa inauliza. Kisanduku kilichomoza kwenye kioo cha kompyuta katikati ya kazi: kuna mambo mapya, niyalete sasa? Muhonja alibonyeza Hapana, kwa sababu kila ikiyaleta, simu ilishikwa na kazi ikalala. Baada ya kitambo, kikachomoza tena.

Mama naye alikuwa na swali lake. Giza likianza kuingia, huuliza kutoka chumbani, "Muhonja, baba yako ameingia?" Baba alikuwa amezikwa zamani, na Mama mwenyewe ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Lakini akili yake ilikuwa imeshaanza kumwacha, na Muhonja alijifunza kumjibu, "Bado, Mama." Mama hutulia. Kisha husahau, huuliza tena.

Jioni ya jana yake kulikuwa na mtu mlangoni akisubiri programu ya mazishi ya kaka yake. Kisanduku kikauliza. Mama akauliza. Kisanduku kikauliza. Mama akauliza.

"Usiniulize tena!" Muhonja alifoka, hata mgeni mlangoni akainamisha uso. "Umesikia, Mama? Usiniulize kitu tena!"

Hasira ile ile ikamshukia mkononi. Pale kwenye kisanduku palikuwa na mahali pa kuweka alama, mashine ijiletee kila kitu yenyewe, bila kumwuliza tena mwenye mashine. Akaweka alama. Akabonyeza Ndiyo. Kutoka upande wa Pumwani, adhana ya magharibi ilikuwa inapanda. Mitaa yote hii ya Eastlands, mashariki mwa jiji, Mkristo na Mwislamu, kila mtoto hufundishwa jambo moja: ukiitwa magharibi na usiyemwona, usiitike.

Muhonja alikuwa ameitika.

Modemu ikalia ukutani kama paka wawili waliofungiwa kwenye debe. Na chumbani, Mama akanyamaza.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri, na uzuri huo ndio uliokuja kuwa mzigo wake. Magoti ya Mama yalinyooka. Alifagia, akafua, akasonga ugali bila kushika kiuno. Magharibi hakuuliza kitu. Nduta, jirani wa mlango wa pili, alimwona akibeba ndoo ya maji akapiga makofi.

"Haiya! Shosho amekuwa msichana! Muhonja, unamlisha nini? Nami nipate, nimwache huyu mzee wangu nitafute kijana."

Muhonja alicheka. Kisha Mama naye akacheka, na kicheko cha Nduta kikakatika. Mama alikuwa mwanamke wa kizamani wa mkoa wa Magharibi, ambaye ujanani aling'olewa meno mawili ya mbele ya chini kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Pengo lile lilikuwa kama sahihi ya uso wake. Sasa lilikuwa limezibwa, meno meupe, yamepangika, yamejaa.

"Amewekewa?" Nduta alinong'ona.

"Ndiyo," Muhonja alidanganya. "Na daktari wa meno."

Hata yeye mwenyewe alijidanganya, kwamba labda lile pengo alilikumbuka vibaya. Usiku alikuwa akilala hadi asubuhi kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Mtu aliyelala vizuri huwa mwepesi wa kusahau. Alisahau na ile harufu, iliyokuja kila magharibi modemu ikilia, harufu ya nywele zilizoungua iliyochanganyika na ubani, ingawa nyumba yao haikuwahi kufukiza ubani.

Kisha likaja kovu.

Muhonja alipokuwa mtoto wa kutambaa, stovu ya mafuta ya taa ililipuka, na Mama akautia mkono wake wa kushoto ndani ya moto kumtoa. Tangu siku hiyo mkono ule ulikunjamana kutoka kiganja hadi kiwiko, kama karatasi iliyonyeshewa. Muhonja alikua akilala akiwa ameushika. Jioni hiyo Mama alikunja mikono ya gauni aoshe vyombo, na mkono wa kushoto ulikuwa laini, laini kama wa msichana, pasipo hata alama.

"Mama," Muhonja alisema polepole, "mkono wako uliungua na nini?"

Mama alitabasamu kwa meno yake yote. "Mkono wangu haujawahi kuungua, binti yangu."

Muhonja alikimbilia sebuleni, akaizima mashine, akaung'oa waya wa simu ukutani na kuushika mkononi kama mtu aliyemkaba nyoka shingo, akasimama akihema mbele ya kioo cheusi, adhana ikipanda, harufu ya nywele ikianza, akijiambia kwamba imekwisha, haina pa kupitia, haina waya, haina umeme, na ndipo ile sauti ya paka wawili ndani ya debe ikaanza, si ukutani, si kwenye mashine, bali nyuma yake, karibu, yenye joto la pumzi, na alipogeuka akamwona mama yake amesimama mlangoni, mikono imelegea, kinywa wazi, na modemu inalia kutoka kooni mwake.

Kesho yake, Muhonja, mwana wa kanisa, alivuka hadi mtaa wa Majengo kwa Maalim Dirie, mzee wa Kiislamu aliyejulikana kwa kusomea wenye majini. Mzee alikuja, akasimama sebuleni, akanusa.

"Mlimkaribisha nani hapa?"

"Hakuna, Maalim."

"Bibi, mimi nimezeeka kwa kudanganywa. Sema."

Akasema. Akasema na lile "usiniulize tena."

"Jini hamvunjii mwenye nyumba mlango," Maalim alisema kwa sauti ya chini. "Huomba. Wewe ulimpa ruhusa, tena ukamwambia asiwe anaomba. Nitasoma mpaka koo langu likauke, lakini ruhusa ni yako. Iondoe mwenyewe."

Maalim akaanza kusoma. Muhonja akaiwasha mashine, akatafuta mahali pa ruhusa. Alama yake ilikuwepo. Akaifuta. Kisanduku cha mwisho kikachomoza: yote yaliyofanywa upya yatarudi kuwa ya kale, niendelee?

"Binti yangu." Mama alikuwa amesimama pembeni yake, na sauti yake ilikuwa tamu, haina mkwaruzo. "Kifua kile kitarudi. Magoti yale. Usiku ule wa kulia. Unanirudisha kwenye maumivu kwa ajili ya nani? Yangu, au ya moyo wako?"

Muhonja aliutazama ule mkono laini, mkono ambao haukuwahi kumwokoa mtu. Akabonyeza.

Meno mawili yalidondoka sakafuni, yakalia kama punje za mahindi, na hakuna aliyeyaona tena. Magoti ya Mama yakakosa nguvu. Muhonja alimdaka, na chini ya vidole vyake ngozi ya mkono wa kushoto ilikuwa inajikunja, inajikunja, mpaka ikawa ile aliyoijua. Ndipo kikohozi kikaja, kirefu, cha kupasua. Baada yake, sauti ndogo iliyochoka:

"Muhonja, baba yako ameingia?"

"Bado, Mama," alisema, akilia. "Bado."

Maalim alimpa neno moja akiwa mlangoni. "Tangu leo, jibu uso unaouona. Ukisikia sauti na msemaji humwoni, nyamaza, hata iwe unaipenda vipi."

Phares aliichukua mashine. Meza ilibaki tupu, na kitambaa cha kufuma juu yake. Kila magharibi Mama alipouliza, Muhonja aliacha alichokuwa akikifanya, akaenda hadi kitandani, akamtazama usoni, ndipo akajibu. Hakufoka tena hata mara moja.

Mwaka Mpya ulipita. Jioni moja ya mvua alikuwa amepiga magoti mbele ya karai sebuleni, akifua shuka za Mama kwa mara ya tatu tangu asubuhi, mgongo ukimwaka. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi na alimwona Mama vizuri, amelala, kinywa kimefungwa, mkono wenye kovu uko juu ya blanketi.

"Muhonja," sauti ya Mama ikaita, kutoka kwenye meza tupu.

Akanyamaza. Harufu ya nywele ikamjia.

"Sitakuuliza mengi, Muhonja." Ilikuwa sauti ya Mama yenyewe, na mkwaruzo wake, na pumzi yake fupi, na jina lake kama Mama alivyolitamka. "Moja tu. Umechoka na mimi?"

Akachukua pembe ya shuka iliyolowa, akaitia kinywani na kuiuma kwa nguvu, kwa sababu jibu lilikuwa limeshafika ulimini, nalo lilikuwa Ndiyo.