Upande wa Nyuma wa Banda

Tok! Kijiti cha mlango wa banda la kuku kilichomoka, kama kila alfajiri, kabla moto wa jikoni haujakolea. Aliyekichomoa alikuwa Rut, msichana wa miaka kumi na miwili. Kazi ya kuku, nyumbani kwao karibu na Ipinda, ilikuwa yake. Kila siku aliwatambua kwa kuwagusa migongo gizani, huku mama yake akiuliza kutoka ndani, "Wote wapo?"

Siku hiyo mkono wa Rut haukumpata tetea mwekundu. Tetea huyo alikuwa amewekwa kwa ajili ya supu ya dada yake, Maria, aliyerudi nyumbani kujifungua.

Rut akazunguka nyuma ya banda. Chini ya ukuta wa mianzi palikuwa na shimo, na udongo mbichi umetawanyika. Alijua kwa nini shimo lilikuwa pale.

Nchi yao ni tambarare ya udongo laini. Jiwe la kumzuia mnyama anayefukua hulipati hata ukilitafuta kutwa. Kwa hiyo mama yake alikuwa amebeba ndizi hadi ufukweni mwa ziwa, kwa wafinyanzi wa Kikisi, nao wakampa kikapu cha vigae vya vyungu vilivyopasuka motoni. Mmoja wao alimpokea mzigo na kumsindikiza nusu ya njia.

"Chimba mtaro kuzunguka banda, mkono uzame hadi kiwiko," mama alimwagiza Rut. "Visimamishe vigae vikaribiane kama meno, kisha ushindilie udongo."

Rut alifanya hivyo mbele na ubavuni. Upande wa nyuma alikuta mizizi iliyosokotana. Mvulana wa kijijini, Lutengano, akapita na wenzake.

"Rut, utaota mizizi na wewe! Sisi hao, mtoni!"

Rut akatupa vigae vilivyobaki migombani, akakanyagakanyaga udongo, akamwambia mama, "Nimemaliza."

Sasa, akiwa amesimama mbele ya shimo, alifanya jambo la pili. Alilifukia harakaharaka, akalisawazisha kwa nyayo na kulifunika kwa majani makavu. Kisha akaita, "Mama! Tetea mwekundu hayupo!"

Mama alikuja na kijinga cha moto, akamulika huku na huku.

"Hakuna shimo. Vigae si uliviweka pande zote?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwizi kaingia mlangoni. Jana ulikibana kijiti?"

"Labda sikukibana vizuri," alisema Rut, macho chini.

Mbele ya mlango palikuwa na nyayo za mbwa. Walizijua. Zilikuwa za Majivu, mbwa wa mzee Asajile, jirani yao. Kila alfajiri Majivu alikuja kumngoja Rut ili wafuatane kuteka maji.

Mzee Asajile aliitwa. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na mbwa huyo ndiye aliyemfukuzia ngedere shambani. Alizitazama nyayo kwa muda mrefu.

"Ni zake," alisema. "Mbwa akishaonja kuku, hafai kukaa kati ya watu. Jioni nitammaliza mwenyewe."

Jua lilipopanda, mzee alirudi akiwa na kuku kwapani.

"Mama Maria, pokea. Mumeo yuko Tukuyu anawabebea Wadachi mizigo, na Maria hawezi kungoja."

"Lakini baba, unao wawili tu!"

"Mmoja anatosha kunipigia kelele."

Kutoka upande wa pili wa migomba ulisikika mlio wa Majivu, aliyekuwa amefungwa kamba. Rut alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Babu, usimwue Majivu," alisema. "Hakuingia mlangoni. Nyuma palikuwa na shimo, nikalifukia. Kule sikuweka vigae."



"Tuonyeshe," mama akasema.

Rut alifukua kwa mikono yake. Mzee Asajile akapiga magoti, akanusa udongo, akageuza uso upesi. "Nyegere! Uvundo huu hauna mwingine." Kwenye kuta za shimo kulikuwa na mikwaruzo mirefu ya kucha. "Nenda kamfungue Majivu wewe mwenyewe," alimwambia Rut.

Majivu alimlamba Rut viganja alipokuwa akifungua fundo, akitikisa mkia kama siku zote. Hapo ndipo Rut alipolia.

Alikusanya vigae migombani, akakata mizizi, akachimba. Mama hakumsaidia kuchimba. Ila kiganja cha Rut kilipochubuka, alileta kitambaa, akakifunga, akarudi jikoni.

Nyegere alirudi baada ya siku chache. Asubuhi Rut aliona amefukua palepale nyuma, akakwama. Vigae vilikuwa na mikwaruzo mipya, na kuku wote walikuwepo. Wakati huo Maria alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na supu ya kuku wa mzee Asajile alikwisha kuinywa.

Mama alimtuma Rut ampelekee mzee tetea wa kufidia kuku wake. Mzee alimpokea kuku, akamketisha Rut kwenye mkeka.

"Uvivu wako ulitupotezea kuku mmoja," alimwambia kwa upole. "Hilo limelipika. Lakini ulipolifukia lile shimo, ulimfunga mbwa wangu kamba shingoni, naye hakuwa na kinywa cha kujitetea. Ukikosea, mjukuu wangu, liache kosa lionekane. Tukiliona, tutaliziba pamoja."

"Ndaga fijo, babu," Rut alimshukuru, akainuka.

Majivu alimfuata hadi mwisho wa migomba. Kisha sauti ya mzee ikamfikia kwa nyuma.

"Rut! Na kesho uje tena. Majivu atakungoja, na mimi vilevile."