Waya wa Mkiani

Haya yalimpata shoga yangu Demetria wa Keko, mwaka wa hamsini na nne, naye si mwanamke wa kutishika ovyo. Mumewe Leodegar, seremala mwenye kichwa kigumu, alijiundia ndege ya mbao na kitambaa bandani kwake, na kesho yake alikuwa airushe mwenyewe. Zilibaki nyaya za kuongozea mkia. Demetria, kwa wembamba wake, akatambaa ndani mpaka mkiani, gizani mle mnamonuka gundi, ashike ncha ya waya. Mume auvute kutoka kiti cha rubani, yeye aitike.

Waya ukavutwa.

“Umefika!” akaitika Demetria.

Ukavutwa tena, ukikwaruza mbao.

“Baba Revelian, taratibu! Utanikata vidole, kisha nani akupikie?”

Waya ukakaza, ukalia kama mbu sikioni.

“Mama Revelian!” Leodegar akaita, lakini kutoka uani. “Vumilia kidogo, natafuta koleo. Ncha ya mbele ya waya sijaifunga bado.”

Demetria akauachia, akatoka kinyumenyume. Kitini hapakuwa na mtu. Waya ulikuwa umeshafungwa kwenye usukani, tena vizuri kuliko afungavyo Leodegar, na usukani ulikuwa ukirudi nyuma polepole, vile rubani anavyouvuta ndege ikiacha ardhi.