Wageni wa Badriya

Ukipita Mtaa wa Mkunguni, inua macho mpaka ghorofa ya tatu. Dirisha lenye pazia la kijani ndilo la sebule ya Bi Salha, na mpaka leo mwenye nyumba hajapata mpangaji. Lakini mambo yalianza kwa upole. Ilikuwa alasiri kama alasiri nyingine, Kariakoo ikinguruma chini, wamachinga wakinadi, spika zikigombana, bibi akipepeta mchele na mjukuu wake akiegemeza simu kwenye birika.

Mjukuu ndiye Badriya, mwaka wa pili chuoni, akisomea utangazaji. Bi Salha alimlea tangu wazazi wake walipofariki. Hawakuwa na mtu mwingine pale ndani, yeye na bibi, bibi na yeye. Miaka hiyo bando zilikuwa zimeshuka bei, simu za kupangusa zimemwagwa madukani kama dagaa, na kila mwanafunzi anataka wafuasi. Wenzake walikuwa nao kwa maelfu. Kipindi chake cha laivu alikiita Baraza. Aliongea maisha ya hosteli, mapenzi ya chuoni, wali wa mama ntilie. Aliongea vizuri. Aliongea peke yake.

"Shoga, watu wanapenda kutajwa," rafiki yake Klara alimwambia. "Mtu akiingia mkaribishe. Usimwache kama kaja dukani kuangalia vitu."

Badriya akaweka desturi. Mtazamaji aandike hodi, naye amjibu kwa sauti: "Karibu! Ingia ndani, kaa kitako, hapa ni kwenu."

Ikashika.

"Unamkaribisha nani?" Bi Salha aliuliza, ungo mapajani.

"Watu, Bibi. Wafuasi wangu."

"Wana majina?"

"Wengine."

"Mjukuu wangu, hodi haijibiwi ovyo. Unauliza kwanza, nani? Na anayejibu 'mimi' hajajibu; kila kiumbe ni mimi. Ukisema karibu kabla hujamjua, umeitoa nyumba."

Badriya alicheka. "Bibi bwana! Wako kwenye simu, hawatakula mchele wako. Na si wewe unayesema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Huyo ni mgeni anayekuja kwa miguu yake."

Wiki ile aliingia mtu asiye na picha wala jina. Nukta tu. Nukta ikaandika: hodi.

"Karibu, mgeni wetu msiri!" Badriya alisema kwa madaha. "Kesho njoo na wenzako!"

Kesho yake zilikuja nukta nyingi, zimefuatana kama siafu. Hodi, hodi, hodi. Naye karibu, karibu, karibu. Wafuasi wakapanda. Kwenye ngazi za chuo watu wasiomjua walimwita: "Mambo, Baraza!" Akajibu poa, na moyo wake ukacheza ngoma.

Siku hizo ndipo alipomkuta bibi yake amekaa sakafuni, mgongo ukutani, ilhali kochi li tupu.

"Bibi, mbona chini?"

"Kochi lina watu," Bi Salha alisema taratibu, kama mtu asiyetaka kusikika. "Nimewapisha."

Badriya alidhani ni uzee. Baada ya siku chache akamkuta koridoni, kwenye mkeka wake. Kitandani nako alikuwa amewapisha.

Klara alikuja kumtembelea. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akasimama. Akasimama tu. Sebule ilikuwa tupu.

"Kaa basi," Badriya akamwambia.

Klara alitazama kochi. Akatazama viti. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Sijui," alinong'ona. "Naona kama pamejaa."

Aliondoka bila kuaga. Viatu alivivaa barabarani.

Badriya akapiga magoti koridoni. "Bibi, niwafukuze vipi?"

"Mgeni huondolewa na aliyemkaribisha. Unamwita kwa jina lake, unamsindikiza mpaka nje." Bi Salha alimpapasa shavu. "Unayajua majina yao?"

Hakuyajua.

Alasiri hiyo aliwasha simu. "Jamani, Baraza limefungwa. Nendeni makwenu. Kwaherini."

Wafuasi wakachachamaa. Umepata jina unatufukuza? Unaringia nini? Wakaondoka makundi kwa makundi. Namba ikashuka. Ikashuka tena. Wote wenye majina walikwenda.

Nukta haikupungua hata moja.

Nyuma yake kochi likalia, kama mtu amejiweka sawa.

Kesho yake alirudi kutoka chuo, akakuta koridoni hakuna mtu. Hakuna mkeka. Alishuka ngazi mbio hadi kwa Shaibu, muuza mabegi wa pale chini.

"Bi Salha? Kapita hapa na mkeka wake kwapani," Shaibu alisema. "Nikamwamkia, shikamoo bibi, na jua hili wapi tena? Akasema anawapisha wageni. Eti hata ngazi zimejaa."

Kariakoo ilimmeza. Badriya na majirani walimtafuta vituo vya polisi, hospitalini, misikitini. Badriya aliweka picha ya bibi yake mtandaoni akiomba msaada. Waliobaki kumjibu walikuwa nukta, na zote ziliandika neno moja: hodi.

Shangazi yake, bintiye Bi Salha, akamchukua kwenda kuishi naye Upanga. Simu aliivunja kwa mchi. Chuo aliacha.

Mchana mmoja shangazi akiwa kazini, Badriya alikuwa peke yake, akasikia mlangoni:

"Hodi."

Sauti ya bibi yake. Ile inayokwaruza kidogo mwishoni kwa tambuu.

Alikimbia hadi mlangoni. Mkono ukashika kitasa. Ukaganda hapo.

"Nani?"

Akatega sikio kwenye ubao wa mlango.

"Mimi."

Bibi angetaja jina. Bibi asingejibu hivyo kamwe. Au amechoka? Au huko alikofika majina huachwa mlangoni, kama viatu?

"Hodi, mjukuu wangu."

"Bibi, taja jina lako," Badriya alilia kwa kunong'ona. "Nakuomba. Taja jina nikufungulie."

"Mimi."

Hodi ya tatu ilikuja pole, karibu na tundu la ufunguo. Badriya alijiziba mdomo kwa mikono miwili, lile neno la kukaribisha lisimponyoke. Baada ya hapo hakusikia kitu. Wala hakusikia nyayo zikiondoka.

Jioni shangazi alimkuta palepale, amejikunyata sakafuni.

"Badriya, nani kautandika mkeka wa mama hapa nje?"

Ulikuwa umetandikwa mbele ya kizingiti, ukingo ukigusa mlango, katikati umebonyea mahali pa mtu mmoja. Shangazi aliinama akaugusa.

Ulikuwa bado una joto.