Ukoka wa Mama Kunigunda

Kule Matiri mlimani, wakati wa Mwingereza, moshi wa kwanza kuonekana asubuhi ulikuwa wa jiko la Mama Kunigunda. Majogoo wa jirani wakiwa bado wanabishana, yeye ameshapuliza moto. Na macho yake yalikuwa hayaoni tena. Usiku na mchana kwake vilikuwa kitu kimoja.

Sasa, alifikaje jikoni? Kwa miguu yake mwenyewe. Jiko lilikuwa chini kidogo ya nyumba, na uwanja uliinama kama mlima wote ulivyoinama. Marehemu mume wake, Blasius, alipoona macho ya mkewe yanafifia, alipanda ukoka tangu mlangoni hadi jikoni. Mama Kunigunda alitembea peku. Vidole vikigusa majani, yuko njiani. Vikigusa udongo mtupu, anajua amepotea, anarudi.

Ephrasia, mke wa mwanawe Osmund, alimpenda sana mama huyu. Alipoolewa kutoka Mapera hakujua hata kukausha kahawa. Mama alimfundisha bila kumcheka. Alipojifungua mara ya kwanza, mama ndiye aliyemshika mkono mpaka mtoto akalia.

Lakini wanawake wa mtoni wana midomo.

"Nyumba yenye majani mlangoni," walisema, "ama haina fagio, ama haina mke."

Maneno hayo yalimchoma Ephrasia kama mwiba. Basi kila asubuhi alishika fagio la vijiti vigumu. Alifagia uwanja, akafagia na ukoka pia, shwaa, shwaa, mpaka vumbi jekundu likapanda. Alijiona mke safi kweli kweli. Ukoka nao ukaanza kupungua. Likatokea doa moja tupu, kisha jingine, mpaka uwanja ukawa na vipara.

Mvua ya kwanza ya Novemba ikanyesha. Asubuhi Ephrasia akasikia kishindo nje. Alipotoka, alimkuta mama amekaa katika tope, kwenye kipara kikubwa karibu na jiko. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba.

"Mama! Umeumia?"

"Sijaumia. Nimekaa tu," alisema mama. "Ila sikuchagua mahali pazuri."

Ephrasia alicheka huku analia. Osmund hakucheka. Alimbeba mama yake mpaka ndani, akamkanda mkono kwa maji ya moto. Kisha akasema, "Imetosha. Noeli dada Vitalia anapanda kutoka Ngumbo. Akirudi, atarudi na mama. Kule ziwani ni mchanga na ni tambarare. Hataanguka."

"Na huko nitawasha moto wa nani?" aliuliza mama.

"Utapumzika, Mama."

"Kupumzika ni kazi ya marehemu baba yako. Mimi bado."

Osmund aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa anaogopa tu. "Mama, ukivunjika nyonga mlima huu hautakuhurumia," alisema kwa upole. Mama Kunigunda akageuza uso ukutani.

Ephrasia hakuweza kuvumilia. Alikwenda kando ya barabara, akachuma vichwa vya ukoka vilivyokauka, vile vyenye vidole kama mguu wa kuku. Akavipukusa, akapata mbegu ndogo sana, ndogo kuliko ulezi.

Lakini Mmatengo, mtu wa milima hii, akiona majani, mkono unamwasha. Anataka kuyalaza na kuyafukia, maana ndivyo tunavyolima ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani. Basi Ephrasia alichukua jembe. Akageuza vipara, akageuza na baadhi ya ukoka uliobaki pembeni. Akafukia mbegu chini kabisa, kama anavyofukia maharage.

Alisubiri. Ikanyesha mvua mbili tatu. Haikuota mbegu hata moja. Uwanja ukawa tope kuliko mwanzo. Osmund alipita, akatazama, akaguna tu. Mguno ule ulimuuma Ephrasia kuliko matusi.

Jirani yao alikuwa Gertruda, shangazi yake Osmund. Huyu mama habari zilimfuata kama nzi wanavyofuata ndizi mbivu. Siku moja aliingia uwanjani na kapu kichwani.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Ephrasia.

"Marahaba. Nimesikia mnamuuza wifi yangu Ngumbo. Mmepewa dagaa wangapi?"

"Utani wako huo!" Mama Kunigunda aliita toka ndani. "Wewe wangekuuza, hata kisamaki kimoja wasingepata!"

Gertruda alicheka mpaka kapu likatikisika. Kisha akaona uwanja, kicheko kikakatika.

"Nani kalima hapa?"

"Mimi, Shangazi. Nilitaka kupanda ukoka."

"Mwanangu, umepanda au umezika?" Gertruda aliinama, akafukua kidogo. "Nilipokuwa msichana nilifanya kazi ya bustani kwa masista. Nilifanya kosa hili hili, nikasemwa wiki nzima. Mbegu ya ukoka ni ndogo, haina nguvu ya kupanda toka chini. Ikae juu, iguse udongo, ifunikwe kidogo tu."

"Na majani ya zamani nisiyageuze?"

"Hata! Hayo ndiyo yanayoshika udongo wa mlima. Unayaacha, halafu unaongeza mbegu kati yake. Ni kama nyumba yenye watu wachache. Huibomoi. Unaleta wageni." Akatazama huku na huku. "Sasa niambie. Vipara vilitoka wapi? Mbuzi?"

"Sijui, Shangazi. Mimi nafagia kila siku."

"Unafagia kwa fagio gani?"

Ephrasia alileta fagio. Gertruda aligusa vijiti vyake, akatikisa kichwa.

"Hili linang'oa mizizi, mwanangu. Na mbegu zikianguka, unazipeleka jalalani. Uwanja ufagie. Majani yaache."

Ephrasia aliketi chini palepale. Machozi yakamtoka. "Basi ni mimi niliyemwangusha Mama."

Mama Kunigunda alikuwa amesimama mlangoni. "Njoo hapa," alisema. Akampapasa uso, akamfuta machozi kwa kiganja. "Nilikuwa nasikia fagio lako kila asubuhi. Nilijua unafagia kwa heshima ya nyumba yangu. Mtu analalamikaje kwa kupewa heshima? Haya, inuka. Noeli haitusubiri."

Wakaanza kazi. Kwanza Ephrasia alisawazisha udongo alioutifua. Ukoka uliobaki aliukata mfupi, ili mbegu mpya zipate jua. Kwenye vipara alikwaruza udongo kwa ncha ya jembe, juu juu tu, kama kuku anavyoparua.

Gertruda alichanganya mbegu na mchanga mkavu. "Hivi unaona unapotupa," alisema. Walirusha mara moja kwa kwenda chini, na mara ya pili kwa kukatisha, ili pasibaki mahali patupu.

"Sasa mbegu zishindiliwe zishikane na udongo," alisema Gertruda. "Tunataka miguu mitupu, inayokanyaga polepole."

"Miguu hiyo ninayo," alisema Mama Kunigunda.

Ephrasia alimshika mkono. Wakashuka pamoja hatua kwa hatua, mama akikanyaga kwa uangalifu, kama anayelaza mtoto. Hata Osmund, aliyekuwa anarudi toka shamba la kahawa, alisimama kutazama. Kisha akaweka jembe chini. Akaenda mwenyewe kuleta samadi ya zamani iliyooza, akaichekecha. Wakaitandaza nyembamba, mbegu zikajificha kidogo tu. Juu yake wakatawanya majani makavu machache kuzuia kuku. Osmund akalaza mabua ya mahindi kukingama mteremko, ili maji ya mvua yasichukue mbegu.

"Siku isiyo na mvua, nyunyiza maji kwa mkono," alisema Gertruda. "Usimwage kwa ndoo. Mtu asipite hapa mpaka majani yashike vizuri. Wifi, wewe utapitishwa upande wa pili, umeshikwa mkono kama bibi harusi."

"Na nani atanilipia mahari?" alisema mama.

Mchana Ephrasia alinyunyiza maji na kufukuza kuku. Vichipukizi vilipotokea, vyembamba kama nywele za mtoto mchanga, alimwita mama. Akamwinamisha, akakiongoza kidole chake. Mama aligusa, akatabasamu, akatafuta kingine.

Ukoka wa zamani nao ulitambaa kukutana na ule mpya. Ulipoanza kulala kwa urefu, Ephrasia aliukata juu kidogo kwa panga kali. Ukazidi kushonana.

Vitalia alifika na kapu la usipa, dagaa wa ziwani kwao. Noeli ikaliwa, nyumba ikajaa watu, Gertruda akasema habari za vijiji vyote. Lakini mzigo wa mama ulikuwa umeshafungwa. Osmund alikuwa hajabadilisha neno lake.

Siku ya safari ilitanguliwa na mvua kubwa. Alfajiri Osmund alisikia mlango. Akatoka mbio. Mama yake alikuwa katikati ya mteremko, peke yake.

"Mama!"

Ephrasia alimkamata shati. "Mwache, baba. Tafadhali mwache."

Mama Kunigunda alifika pale alipoangukia. Akasimama. Vidole vya miguu vikapapasa. Maji yalikuwa yanapita kati ya majani, lakini udongo ulikuwa umetulia. Akaendelea. Akaingia jikoni, na mlango wa jiko ukafungwa nyuma yake.

Osmund alipumua kama mtu aliyetua gunia.

"Vitalia," aliita, "fungua mzigo wa mama."

Habari zilienea, maana Gertruda alikuwepo. Wale wanawake wa mtoni wakaja mmoja mmoja kuomba mbegu. Ephrasia aliwapa, akawaonyesha jinsi ya kukwaruza udongo.

Vitalia alikaa siku chache, kisha akajitayarisha kurudi ziwani. Mama yake alimsindikiza mpaka ukingo wa uwanja, pale ukoka unapoishia.

"Mimi mwisho wangu hapa," alisema Mama Kunigunda. "Wasalimie Ngumbo. Ukinikumbuka, njoo. Njia unaijua."

Akageuka. Ephrasia alinyoosha mkono ili amshike, kisha akaurudisha. Mama alikuwa ameshatangulia.