Mwaka Kwanza au Siku Kwanza

“Hapana, hapana! Mwaka kwanza, halafu mwezi, siku mwisho. Kibao hiki kimeandikwa miguu juu.”

Niliinua macho. Msimamizi wetu mpya alikuwa amechuchumaa mbele ya miche yangu ya parachichi, ameshika kibao nilichokichomeka sasa hivi. Wavu wa kivuli ulichuja jua, na mwanga wa kijani ulimtiririkia mabegani kama maji.

“Kibao kina miguu?” Shangazi yangu alidakia kutoka kwenye meza ya kujazia udongo. “Hapa tunaandika siku na mwezi. Kumi na mbili, mwezi wa tatu. Basi. Mwaka wa nini?”

“Wa kujua umri wa mche, shangazi.”

“Shangazi yako tangu lini?”

Wanawake wote mezani wakaangua kicheko. Mwenye kitalu, tuliyemwita Mama Miche, akatoa kichwa dirishani mwa ofisi yake.

“Kijana, mche ukitimiza mwaka hapa kwangu ni aibu. Mwaka sitaki kuuona kwenye kibao changu!”

Siku hiyo hiyo akabatizwa jina: Mwaka Kwanza. Mimi jina nilikuwa nalo zamani, Kimya, kwa kuwa maswali mengi nilikuwa nayajibu kwa kutikisa kichwa.

Mchana alikuja kukaa karibu nami bombani.

“Na wewe unasemaje kuhusu tarehe?”

Nikainua mabega.

“Sikiliza. Tarehe ni kama kumtafuta mtu. Kwanza ufike mji wake, ndipo mtaa, ndipo mlango. Huwezi kuanza na mlango.”

Sijui maneno yalinitokaje.

“Aliyekwisha kubisha hodi, nani anamuuliza mji?”

Aliniangalia mpaka maji yakafurika kwenye ndoo yake.

“Kumbe unaongea!”

Tangu hapo kila mchana tulikuwa na ubishi wetu. Yeye alisema mwaka ukitangulia, vibao vinajipanga vyenyewe kama watoto wa shule. Mimi nilisema mtu anaishi siku, hajawahi kuamka asubuhi akaishi mwaka. Jioni moja ujumbe wake uliingia kwenye simu yangu:

“Mwaka huu, mwezi wa tisa, Jumanne: nimekuona umefunga kitambaa cha njano.”

Nikamjibu: “Jumanne ndiyo iliyokupendeza, lakini umezunguka kweli kweli kabla ya kuifikia.”

Nililala nikicheka peke yangu. Nilimwona usingizini akitembea kati ya matuta ya miche, na kila kibao alichokigusa kikawa kimeandikwa leo, leo, leo.

Kisha akaja mezani kwetu mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ameshika miche mitatu ya parachichi iliyonyauka.

“Mama, nimenunua kwako miche arobaini. Mwezi haujaisha, yote inakuwa ya njano. Mmeniuzia nini?”

Mwaka Kwanza aliupokea mmoja, akaupangusa udongo. Mizizi ilikuwa imejiviringa kama kamba iliyosahauliwa ndooni.

“Huu umekaa kwenye mfuko wa udongo mwaka mmoja na nusu,” alisema taratibu. “Hauwezi tena kushika ardhi.”

Siku ya kupakia mzigo wa mzee huyo niliambiwa nitoe miche ya tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu. Matuta yalikuwa mawili, tarehe ile ile: moja la mwaka huu, jingine la mwaka jana, lililobaki pembeni bila mnunuzi. Miche yake ilidumaa hadi ikalingana kimo na wadogo zake. Nilichukua ya pembeni kwa sababu ilikuwa karibu na geti.

“Nani alipakia?” Mama Miche aliuliza.

Niliwaza mama yangu mgonjwa nyumbani, na kazi yangu hii moja tu.

“Ni mimi,” alisema Mwaka Kwanza.

“Wewe? Wewe unayejifanya bingwa wa tarehe?”

“Ni mimi, Mama.”

“Basi Jumamosi unikabidhi funguo.”

Jioni nikamwandikia: “Kwa nini?”

“Wewe ukifukuzwa, mama yako atakula nini? Mimi kuna kitalu kingine wananihitaji. Nimeshawaambia naanza Jumatatu.”

Kabla sijajibu, ukaingia mwingine.

“Sikulaumu. Ila pale mezani nilitamani nisikie sauti yako, hata kidogo. Nikajiambia labda nimekuwa nikiota peke yangu.”

Niliandika, nikafuta. Niliandika tena, nikafuta. Siku mbili zikapita hivyo, na bombani hakuja tena kukaa.

Alhamisi shangazi alinikuta jikoni nikikoroga chungu kisichokuwa na kitu.

“Ulipakia wewe.”

“Umejuaje?”

“Nilikuona kwa macho yangu. Nami nikafunga mdomo, nikasema damu ni nzito kuliko maji.” Akaninyang’anya mwiko. “Lakini sasa nakuangalia, mwanangu, naona unakauka kama miche ya yule mwalimu. Kijana amekukinga na mvua, nawe huwezi hata kumwambia kwamba amelowa?”

Ijumaa asubuhi Mama Miche alisimama mezani na yule mzee, wakipanga miche ya kumfidia. Mwaka Kwanza alikuwa akiihesabu. Nilisimama. Nilijiona kwa mbali, kama mtu mwingine amesimama ndani ya nguo zangu.

“Mama, niliyepakia ni mimi.”

“Nani kasema? Ongeza sauti!”

“Ni mimi! Vibao viwili vilikuwa na tarehe moja, sikuuliza. Nikakosea. Halafu nikamwacha yeye abebe.”

Mama Miche alivuta ndoo, akaipindua, akaikalia.

“Na mwaka kwenye vibao, nani aliukataza?”

Kila mtu akainamia udongo wake.

“Jibuni! Kwani nang’ata?”

“Ni wewe, Mama,” shangazi alisema.

Yule mwalimu mstaafu ndiye aliyeanza kucheka.

“Haya,” Mama Miche alisema, “kuanzia leo: siku, jina la mwezi kwa maneno, na mwaka mzima mzima. Mwaka Kwanza, funguo kaa nazo. Na wewe binti, kila Jumatano mwezi huu utakwenda kwa mzee, umsaidie kupanda upya kila mche uliomharibia.”

“Nitakwenda, Mama.”

Mwaka Kwanza akainamisha kichwa.

“Nashukuru, Mama. Lakini kule nimeshatoa neno langu. Jumatatu naanza.”

Aliziweka funguo mezani, akaondoka kuelekea kwenye matuta ya nyuma. Nilimfuata. Ukungu wa maji ya kunyunyizia ulining’inia kati yetu, nikaupita.

“Umefanya vyema,” alisema bila kugeuka. “Asante.”

“Usiende.”

Akasimama.

“Umesemaje?”

“Usiende. Nilinyamaza kwa woga, si kwa kukosa cha kusema. Ninacho tele, sijui nikianzie wapi. Na hukuwa ukiota peke yako.”

Aligeuka. Maji yalikuwa kwenye kope zake, sijui ya bomba au yake mwenyewe. Akatoa simu, akampigia mwenye kile kitalu kingine, akabonyeza spika.

“Halo, Mzee. Ni yule msimamizi. Naomba radhi sana, Jumatatu sitafika.”

“Kulikoni? Wamekuongeza mshahara?”

“Hapana.”

“Unaumwa?”

“Hata kidogo. Kuna mtu amesema nisiende.”

“Mtu? Mtu gani huyo wa kukuzuia riziki? Mpe simu!”

Akanisogezea simu mdomoni, macho yake yakiniambia kwamba naweza kukataa.

“Ni mimi,” nikasema.

“Nani? Sisikii!”

Nikavuta pumzi. Kitalu kizima kilisikia, na shangazi akaangusha sepetu.

“Ni mimi, mchumba wake!”

Mchumba mwenyewe, hadi dakika ile, alikuwa hana habari.